Mpaka Mahindi Yafike Magotini

Jina la Tambarare hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wifi yake, siku ya tatu baada ya harusi, mbele za watu, na likamkaa mwilini hata akaacha kugeuka akiitwa kwa lile la kwanza.

Alikuwa ametoka nchi ya chini, kwenye mashamba yaliyolala sawa, mahali ambapo mtu akiangusha kitu anainama na kukiokota palepale. Mumewe, seremala, alimkuta huko alipokwenda kutengeneza madawati ya shule. Wakapendana, mahari ikapelekwa, na seremala akamwambia, "Kwetu ni mlimani kidogo." Hiyo "kidogo" Tambarare hajaisamehe mpaka leo. Imepita miaka arobaini, seremala mwenyewe sasa anatembelea fimbo, na bado mkewe humtupia jicho la pembeni na kusema, "Kidogo, eh?"

Shamba lilianza nyuma ya jiko na kushuka mpaka kwenye kijito. Lilikuwa limekatwa ngazi kumi na moja, kila ngazi upana wa hatua tano au sita, na ukingo wa kila moja umeshikiliwa na mawe na majani. Ukisimama ngazi ya juu unaona paa la nyumba ya wifi chini kabisa, dogo kiasi kwamba ungedhani unaweza kulifunika kwa kiganja.

Siku hiyo ya tatu, bibi harusi alikabidhiwa kikapu cha maharage ya mbegu ayapeleke shambani. Akasimama ukingoni kama alivyozoea kusimama kwao, miguu pamoja, uso bondeni. Udongo ulikuwa na umande. Alichokumbuka baadaye ni kwamba aliona mbingu, akaona miguu yake mwenyewe, akaona tena mbingu, kisha akajikuta amekaa ngazi ya tatu na kikapu kitupu kichwani. Maharage yalitangulia. Yaliruka ngazi baada ya ngazi, mengine yakafika mpaka kwenye viazi vya wifi.

Wifi alitoka nje mikono kiunoni. "Jamani!" akapaza sauti. "Huyu mtu wa tambarare ameniletea mbegu mpaka mlangoni!"

Mlima mzima ulicheka. Baada ya wiki maharage yakaota katikati ya viazi, na wifi akakataa kuyang'oa. Kila mpita njia alionyeshwa: haya ndiyo maharage ya bibi harusi.

Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa mama mkwe. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mjane wa miaka mingi, mwenye maneno machache na yote ya kazi. Alisimama juu na jembe begani, akangoja mkwewe ajikung'ute.

"Mlimani watu hawasimami hivyo," alisema. "Mguu wa juu ukunje, wa chini unyooshe. Uso uelekee pembeni. Bondeni hakuna cha kukuonyesha."

Akageuka, akaendelea kulima. Hakuuliza kama ameumia. Tena, alipokuwa akisema, hakumtazama usoni. Alitazama mahali fulani jirani ya sikio lake. Tambarare akaliweka hilo moyoni. Alijua dharau akiiona.

*

Kupanda ilikuwa kazi ya watu wawili. Wa mbele alipiga mashimo kwa jembe, wa nyuma aliweka mbegu na kufukia kwa unyayo. Mstari haukushuka mlima hata kidogo. Ulikwenda na ngazi, ukajikunja pale mlima ulipojikunja. Mama mkwe alisifika kwa mistari hiyo. Watu walisema maji ya mvua yakifika kwenye mstari wake yanasimama na kuuliza njia.

Alimfundisha mkwewe kwa amri fupi fupi. Mbegu mbili za mahindi kila shimo. Katikati ya mashimo, maharage mafupi, yale yasiyotambaa, mawili mawili. Ukingoni mwa ngazi, kunde, kwa sababu kunde hutandaa na kufunika udongo, na mvua ya mlimani ikikuta udongo uko uchi huubeba wote ikaushusha kijitoni. Kisha kulikuwa na maharage ya kukwea. Hayo yalisubiri. Yalipandwa baada ya palizi, punje moja chini ya kila shina la hindi, yakue yakilizunguka mpaka juu.

"Kwa nini tusiyapande yote siku moja, Mama, tumalize?" aliuliza Tambarare msimu wa kwanza, mgongo ukimuuma.

"Haya ya kukwea yana haraka. Yakimkuta hindi bado mchanga yatamdandia, yatamvuta chini, yatamnyonga. Unangoja mpaka mahindi yafike magotini."

Tambarare alimtazama mama mkwe, aliyekuwa mrefu kama mlingoti, kisha akajitazama mwenyewe.

"Magoti ya nani, Mama?"

Alidhani amekosea adabu. Lakini aliona upande mmoja wa mdomo wa yule mama ukicheza kidogo.

"Yangu," alisema.

Mbegu zilikaa kwenye dari ya jikoni, juu ya moshi, wadudu wasizisogelee. Mahindi yalining'inizwa na maganda yake. Maharage yalikaa kwenye makopo mawili ya bati: mafupi yalikuwa mekundu matupu, na ya kukwea yalikuwa mekundu pia, ila yenye michirizi myeupe, myembamba, kana kwamba mtu ameyapitishia ncha ya sindano. Ukubwa ulikuwa uleule. Mama mkwe hakuruhusu mtu ayaguse. Aliyachambua mwenyewe, nje, juani, ungo ukiwa karibu kabisa na uso wake, na Tambarare alipotaka kusaidia aliambiwa akachote maji.

Hivyo ndivyo walivyoishi mwaka mzima na zaidi. Seremala alikuwa na karakana yake sokoni, kule chini barabarani, na alipanda nyumbani Jumamosi jioni. Siku nyingine zote walikuwa wao wawili, jiko moja, shamba moja, na maneno ambayo ungeweza kuyafunga kwenye leso. Tambarare alimwambia mumewe, "Mama yako hanipendi. Hata kunitazama hanitazami."

"Ndivyo alivyo," alijibu seremala. "Hata mimi hanitazami siku hizi."

Aliichukulia kama mzaha. Wote wawili waliichukulia hivyo.

*

Mwaka wa pili, kabla ya mvua, alikuja shemeji. Huyo ndiye mtoto mkubwa wa mama mkwe, karani mjini, mtu wa shati lililopigwa pasi hata akiwa safarini. Alikaa sebuleni, akanywa chai, akasafisha koo.

"Mama, umri umekwenda. Nina chumba nyumbani, kina dirisha, kina kitanda. Twende ukapumzike."

"Nitapumzika nikifanya nini?"

"Utapumzika tu, Mama. Watu wanapumzika."

"Nikae kitako niangalie ukuta, na ukuta uniangalie mimi?"

Tambarare, aliyekuwa akipita na sinia, aliuma midomo asicheke. Shemeji hakucheka. Alimpenda mama yake na aliogopa ule mteremko. Alikuwa amekua juu yake na alijua ni watu wangapi ulikwisha kuwavunja nyonga.

"Basi tukubaliane," alisema. "Siku utakaposhindwa na shamba, nakuja na gari, na siku hiyo sitaki tubishane."

"Siku hiyo uje," alisema mama mkwe.

Mvua ilifika baada ya wiki mbili. Wakaanza na ngazi tatu za juu. Mama mkwe aliteremsha mbegu mwenyewe darini, akajaza vibuyu mwenyewe, na wakapanda siku nzima, Tambarare mbele na jembe, yeye nyuma na mbegu. Zile ngazi nane za chini walizimalizia siku zilizofuata, na kwa kuwa kopo la maharage lilikuwa limekwisha, wakatumia maharage mafupi ya wifi.

Mahindi yakachomoza, membamba na ya kijani, na katikati yake maharage yakainua vichwa vyake viwili viwili. Kila kitu kilikuwa kizuri kama unavyotaka kiwe.

Juma la nne wifi alipanda kuja kusaidia palizi. Wifi alipalilia kwa mdomo zaidi ya mikono: huyu kaachwa, yule kaota meno ya dhahabu, ng'ombe wa fulani kaingia kanisani. Mama mkwe alikuwa ngazi ya chini yao. Ghafla wifi akanyamaza, na kwa kuwa hilo halikuwa jambo la kawaida, Tambarare aliinua kichwa.

"Wifi," alisema. "Hebu njoo uone. Mahindi yenu yamevaa shanga."

Tambarare akaenda. Mahindi yalikuwa hayajafika hata katikati ya mguu, na kila moja lilikuwa limezungukwa na uzi wa kijani, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mengine yalikuwa yameshainama mpaka chini. Ngazi yote ilikuwa hivyo. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

"Kuna nini huko?" aliita mama mkwe.

"Maharage ya kukwea!" wifi alijibu. "Yamepandwa siku moja na mahindi! Ngazi tatu nzima!"

Mama mkwe alipanda, mguu wa juu umekunjwa, wa chini umenyooshwa. Alifika, akasimama mbele ya mstari wake, akautazama. Tambarare aliona kwamba macho ya mama mkwe yalikuwa yameelekea kwenye mahindi lakini hayakushika kitu. Kisha yule mama akachuchumaa, akanyoosha mkono taratibu, vidole vikapapasa hewani kidogo kabla ya kulipata shina, vikashuka nalo, vikaukuta ule uzi. Vikakaa hapohapo.

Na kwa muda ule mfupi mambo mengi yalipanga foleni kichwani mwa Tambarare. Mboga iliyotiwa chumvi mara mbili. Mkono unaogusa mwimo wa mlango kila mara kabla mwili haujaingia. Ungo ulioinuliwa karibu na uso. Macho yanayotazama jirani ya sikio.

Wifi alikuwa bado anazungumza. "Sasa nani alichambua mbegu hizi? Mama, si wewe mwenyewe huwa..."

"Ni mimi," alisema Tambarare.

Wote wawili wakageuka.

"Niliyaangusha makopo nikiwa nafagia darini. Yakachanganyika. Nikayarudisha kwa kubahatisha tu. Niliogopa kusema."

Wifi alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akapiga udongo kwa kiganja. "Tambarare, wewe! Mwaka jana unamwaga mbegu bondeni, mwaka huu unanyonga mahindi! Mwaka kesho utatufanyia nini?"

Mama mkwe alikuwa bado amechuchumaa. Mkono haukuondoka kwenye shina.

"Tukate fito," alisema.

*

Habari ilishuka mlima kabla ya jua kutua. Kwenye mashine ya kusaga walimuuliza kama anajua kutofautisha unga na majivu. Kisimani mama mmoja alimwonyesha ndoo na kumwambia, hii ndiyo ndoo, haya ndiyo maji. Tambarare alicheka nao, kisha njiani akalia kidogo, kwa sababu alikuwa na miaka ishirini na mbili na alitaka sana asifiwe na watu wale.

Kilichomuuma zaidi ni mumewe. Seremala alifika Jumamosi, akatazama ngazi zile, akakuna kichwa. "Mke wangu, mekundu matupu na yenye michirizi! Hata kuku anayajua."

Angeweza kumwambia. Walikuwa peke yao chumbani, mlango umefungwa. Lakini aliwaza gari la shemeji likisimama pale barabarani, na yule mama mrefu akishuka nalo kwenda kuangalia ukuta. Ile siri haikuwa yake aigawe. "Nitakuwa makini," alisema, akageukia upande mwingine.

Seremala hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Jumatatu alishuka karakanani, na kabla ya wiki kwisha alipanda tena na mzigo wa vipande vya mbao, mabaki ya vitanda na milango, amevifunga begani. Pamoja na fito walizokata kijitoni vilitosha. Kazi ilikuwa kulifungua kila haragwe kutoka kwenye hindi lake bila kulivunja, kuchomeka mti pembeni, na kulizungushia upya.

Ilikuwa kazi ya kuchosha roho. Tambarare alivunja mengi siku ya kwanza. Mama mkwe hakuvunja hata moja. Vidole vyake virefu vilifungua ule uzi mmoja baada ya mwingine, kwa upole ambao mkwewe hakujua kwamba anao.

"Unayazungusha upande usio wake," alisema siku ya pili, akamshika kifundo cha mkono. "Haragwe lina upande mmoja tu wa kuzunguka, tangu dunia iumbwe. Ukililazimisha upande mwingine, kesho utalikuta limejifungua. Hivi. Fuata mkono wangu."

Wakafanya kadhaa pamoja, mkono juu ya mkono. Wifi alikuwa ameshaondoka. Hapakuwa na mtu ngazi ya juu wala ya chini.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" aliuliza mama mkwe.

"Ningesema ni nani, Mama?"

Mama mkwe alichomeka mti, akaukandamiza.

"Tangu lini?" Tambarare aliuliza.

"Kabla hujaja hapa. Ilianza kama ukungu wa asubuhi, nikangoja uondoke. Haukuondoka."

"Na sasa unaona nini?"

"Naona mwanga. Naona kwamba hiki ni kitu na kile ni kitu, na kimoja kinatembea. Rangi ndizo zimenitoroka." Akalifungua haragwe jingine. "Usimwambie mwanangu. Akijua mmoja, yule wa mjini atakuwa hapa na gari lake."

"Simwambii mtu."

"Ninajua. Nilikusikia ulivyodanganya." Upande ule mmoja wa mdomo ukacheza. "Unadanganya vibaya sana, mwanangu. Bahati yako wifi yako husikiliza kwa mdomo."

Tambarare aliona haya kuinua uso. Mwaka mzima na zaidi alikuwa ameitwa "wewe". Alishika mti uliofuata na kuuchomeka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

*

Kuanzia hapo shamba likawa na macho mawili kwa watu wawili. Tambarare alishona aproni yenye mifuko miwili, wa kulia wa mahindi, wa kushoto wa maharage, ili mama mkwe asihitaji kuuliza. Kopo la maharage yenye michirizi alilifunga kamba shingoni. Wakitembea njiani, Tambarare alitangulia na kuzungumza bila kukoma, akitaja jiwe, shimo, tawi, na watu wakasema kumbe huyu mke wa seremala ni mwongeaji.

Naye mama mkwe alimlipa kwa kumfundisha shamba la vidole. Jani la haragwe lina vinyweleo, ukilibandika kwenye nguo linang'ang'ania. Jani la kunde ni laini, linateleza. Hindi lenye kiu hujikunja jani na kingo zake huwa kali. Udongo ambao umepandwa mahindi peke yake miaka mingi huwa mwepesi mkononi, unapita katikati ya vidole kama majivu. Ule uliokaa na maharage na kunde hushikana. "Shika huu," alisema, na Tambarare akashika. "Sasa fumba macho ushike tena." Hapo ndipo alipojifunza kulima. Mwaka ule wa kwanza, husema sasa, alikuwa anafuata jembe tu.

Walizungumza pia. Alisikia habari za baba mkwe, aliyekuwa akiimba vibaya akilima mpaka ng'ombe wa jirani wakahama. Alisikia habari za seremala alipokuwa mtoto na kupigilia misumari kwenye kiti cha mgeni. Nyakati za mchana, wakila kivulini mwa mahindi yaliyokwisha kukomaa, maharage yakining'inia juu ya vichwa vyao, alijikuta hataki jioni ifike.

Kisha akapata mimba, na mimba ikaleta njia.

Alikuwa kwenye mashine ya kusaga aliposikia kwamba madaktari wa macho wangekaa siku mbili kwenye zahanati ya chini. Alipanda mlima haraka kuliko alivyoruhusiwa.

"Mama, Alhamisi tunakwenda."

"Siendi. Watajua."

"Tutasema unanisindikiza kliniki. Mimi si mjamzito? Tumbo si hili?"

Mama mkwe alifikiri. "Na wakinikata wakaniharibu?"

"Mama, kitu kitakachoharibika ni kipi hapo?"

Hilo lilimchekesha, kicheko cha kweli, cha sauti, na Tambarare alishtuka kwa sababu hakuwahi kukisikia.

Alhamisi waliteremka wakiwa wameshikana mikono. Wifi alisimama mlangoni kwake na kutikisa kichwa. "Tazama mama mkwe huyu! Anamshika mkwewe kama yai! Mimi nilizaa watano, nani alinishika?" Walipita wamekaza nyuso, na walipofika kwenye kona walilazimika kusimama wacheke.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alimulika jicho la kwanza, akamulika la pili, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na jicho moja anaweza kulifanyia upasuaji siku hiyohiyo. Tambarare alikaa kwenye benchi nje, mikono juu ya tumbo, akihesabu vigae vya sakafu. Kama jambo likienda vibaya, atawaambia nini watoto wa mwanamke huyu? Ni yeye aliyemtoa nyumbani. Walilala hapo zahanati, na asubuhi muuguzi akaja kuondoa bandeji.

Mama mkwe alikaa wima kitandani. Alipepesa. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake, mbele na nyuma, akaishangaa. Kisha akainua uso na kumtazama Tambarare, machoni kabisa, kwa muda mrefu mpaka Tambarare akachanganyikiwa na kutabasamu.

"Kumbe una mwanya!" alisema mama mkwe.

"Abee?"

"Mwanya! Kwenye meno! Miaka miwili, hakuna mtu aliyeniambia mkwe wangu ana mwanya!" Alimgeukia muuguzi, kana kwamba muuguzi naye alihusika. "Umeona jambo hili? Nimekaa na mtoto mzuri hivi ndani ya nyumba, na mwanangu, mjinga yule, hajaniambia!"

Tambarare alicheka huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na muuguzi akawaacha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Waliporudi, mama mkwe hakuingia ndani. Alipita jiko, akaenda moja kwa moja ngazi ya juu, akainua kitambaa alichopewa kukinga jicho, akasimama akitazama shamba lote mpaka kijitoni. Tambarare alibaki nyuma, akampa nafasi. Alidhani analia.

"Nani alipiga mistari hii?" sauti ilisikika.

"Mimi, Mama."

"Mistari gani hii? Mbuzi mlevi ndiye aliyekuongoza?"

Jioni ileile aliwaita wifi na seremala, aliyekuwa amepandishwa na habari za bandeji, akawakalisha jikoni na kuwaambia yote, kuanzia ukungu mpaka makopo. "Maharage yale nilichanganya mimi. Huyu alijitwika tu." Seremala alimtazama mkewe, akamshika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Basi vile vicheko vyangu vyote," alisema wifi, "nirudishiwe."

*

Shemeji alikuja, akasikia, akamkumbatia mama yake, na hakulitaja tena gari. Jicho la pili lilifanyiwa upasuaji mwaka uliofuata. Mama mkwe na Tambarare walipanda pamoja misimu mingi baada ya hapo, safari hii mama mbele na jembe, mistari ikanyooka. Mtoto wa kwanza alibebwa mgongoni, wa pili akakaa kwenye kikapu ukingoni. Mama mkwe alifariki wakati wa palizi, kitandani mwake, asubuhi, baada ya kuuliza kama kunde zimeshaanza kutandaa. Aliambiwa zimeanza.

Sasa shemeji amestaafu, na pensheni yake anailia hukohuko mjini. Watoto wako mbali, wanapiga simu. Ngazi za chini zimepandwa miti ya mbao, na majirani kadhaa wanalima mahindi matupu kwa sababu ni rahisi kupalilia. Mvua ikinyesha kijito kinakuwa chekundu. Tambarare hamsemi mtu. Yeye na wifi, ambao nguvu zimewapungua, wanapanda ngazi nne zilizo karibu na jiko, na seremala huwaletea chai na kuwaambia wanavyokosea.

Wifi huweka mbegu na kuzungumza. Huyu kafiwa, yule kajenga ghorofa, mjukuu wa fulani kavaa suruali kichwani. Msimu huu, wakiwa katikati ya mstari, Tambarare alisimama na jembe mkononi.

"Wifi, nyamaza kidogo."

"Kwa nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka tu nisikie mbegu zikianguka. Nikipanda na Mama nilikuwa nazisikia."

Wifi alimtazama. Alifungua mdomo, akaufunga. Tambarare akapiga shimo, akasogea, akapiga jingine, na nyuma yake, kwenye udongo uliolowa, akasikia zikidondoka, mbili, kisha mbili. Wifi alijitahidi sana. Alinyamaza mashimo kumi na matano.